Banda la Vioo la Bwana Miche

Mama Vifungo alikuwa anatia kola kwenye shati la shule la mtoto wa watu pale toroli lilipogonga lango. Hakuinua kichwa. Tangu mazishi, mengi yalikuwa yamegonga lango lile, naye alizoea kuyaacha yagonge mpaka yachoke yenyewe. Toroli halikuchoka. Gurudumu lake lililia, likagonga tena, kisha sauti ya mzee ikasema, "Hodi wenye nyumba. Mzigo mzito, na mwenye mzigo mzee."

Alikuwa mtu asiyemfahamu. Amevaa koti la suti lililopauka mabegani na kofia ya sufu iliyoshuka mpaka kwenye nyusi. Ndani ya toroli alikuwa na ndoo kuukuu ya rangi, na ndani ya ndoo mlimau wenye majani ya kijani kilichokolea na limau moja tu, limejibanza katikati ya matawi kama mtoto aliyevunja sahani.

"Bwana Miche yupo?"

Mama Vifungo aliutazama mti. Kisha akaitazama sindano aliyokuwa bado ameishika.

"Ametoka," akasema.

Hakujua kwa nini amesema vile. Watu wa umeme, watu wa benki, hata muuza maziwa, wote walikuwa wameambiwa na shemeji yake. Yeye alikuwa akikaa kando akitikisa kichwa. Mwenyewe hakuwahi kulitamka lile neno, na sasa lilipotakiwa halikuja. Lilikuja jingine.

"Hakuna neno," mzee akasema, akijipangusa jasho. "Tulishaelewana naye. Mimi na bibi yangu tunahamia kwa mwanetu, ghorofani. Hakuna kibaraza, hakuna uwanja. Kuna lifti tu, na yenyewe mbovu. Bwana Miche akaniambia, mzee wangu, baridi ikikaribia niletee huo mti, nitauweka kwenye vioo, baridi ikiisha tutautafutia pahali. Akanipa na mkono."

"Alisema hivyo."

"Neno kwa neno. Ni wa bibi yangu. Aliuotesha mwenyewe, kwa mbegu ya limau alilokamulia kwenye chai. Siku hizi hanijui, ananiita dereva. Juzi kaniuliza nauli ni kiasi gani." Mzee alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekwisha kulia kwa jambo hilohilo. "Lakini nikimpa jani, akalifikicha, akalinusa, anasema, huu wangu. Basi siku hiyo tunazungumza. Nitakuwa napita kila Ijumaa kuchukua jani moja. Sitasumbua watu."

"Hutasumbua."

"Kwa hiyo utatunzwa?"

Angeweza kusema ukweli pale. Mdomo ulikuwa wazi kabisa.

"Utatunzwa," Mama Vifungo akasema. "Mpaka baridi iishe."

Akamsaidia kuushusha ule mti barazani, akarudi kwenye kola.

*

Banda la vioo lilikuwa nyuma ya nyumba, limeegemea ukuta wa jiko. Bwana Miche alilijenga kabla binti yao hajazaliwa, kwa madirisha ya shule moja ya zamani iliyobomolewa. Aliyanunua yote kwa mkupuo, na yaliyobaki akayatia kwenye nyumba, hivyo vioo vya banda na vya nyumba vilikuwa ndugu, kipimo kimoja. Humo ndani ndimo alimooteshea miche ya nyanya, ya kabichi, ya maua ya watu wenye mabustani, na ndimo alimopatia jina.

Sasa banda lilikuwa limekaa upande upande kama mtu aliyevunjika nyonga. Siku ya msiba watu walikosa pa kukalia. Mtu akaja kumuuliza Mama Vifungo kama wanaweza kuchukua mbao za rafu kutoka bandani, nao wakae. Yeye akajibu, chukueni chochote. Wakachukua chochote. Miche iliwekwa chini, ikakanyagwa, ikakauka. Mbao hazikurudi. Baadaye upepo uliingia kupitia mlango ulioachwa wazi, ukainua paa, ukaling'oa na kuliangusha chini, na vioo vingine vikavunjika. Tangu hapo hakuna aliyeingia.

Jioni ile binti yake alirudi kutoka kwenye duka la mikate alikofanya kazi, nywele zina unga. Akasimama barazani.

"Mama, huu mti wa nani?"

"Wa bibi mmoja."

"Bibi gani?"

"Anayemwita mumewe dereva."

Binti alimtazama mama yake kwa makini, kama alivyokuwa akimtazama tangu msiba, kama mtu anayekagua mkate usiojulikana kama umeiva. "Mama, umekaa hapa na kiblauzi chepesi. Husikii baridi?"

"Sisikii."

Ilikuwa kweli. Hakusikia baridi wala joto. Chakula alikila kwa kuwa kimepakuliwa, na sindano ilipomchoma kidole alijua kwa kuona damu kwenye kitambaa.

Kabla hawajaendelea, shemeji yake aliingia na fundi ujenzi nyuma yake. Shemeji alikuwa dereva wa lori, mtu mwema mwenye sauti ya kushindana na injini hata pale ambapo hapakuwa na injini.

"Shemeji, habari za hapa. Tumekuja kupima. Fundi huyu anasema vyumba viwili vinaingia pale nyuma bila kubanana. Jumatatu tunasomba lile banda, Jumanne tunachimba msingi. Yule mwalimu anataka kuhamia mwisho wa mwezi unaokuja, tena yuko tayari kulipa kodi ya miezi kadhaa mbele. Macho yako nayo yanachoka, shemeji. Utashona mpaka lini?"

Yote aliyosema yalikuwa ya haki, na yote walikuwa wameshakubaliana. Mama Vifungo ndiye aliyesema sawa. Siku zile alisema sawa kwa kila kitu.

"Banda libaki," akasema.

Shemeji aligeuka kumtazama fundi, kana kwamba fundi ndiye aliyesema. "Libaki wapi?"

"Palepale. Mpaka baridi iishe. Kuna mti wa mtu."

"Mti gani?"

Binti akaunyooshea kidole. Shemeji akainama, akaukagua ule mlimau kwa mbele na kwa nyuma kama gari la kununua.

"Shemeji. Unaniambia nimwambie mwalimu wa watu asubiri, kwa sababu ya ndimu?"

"Limau," binti akasema.

"Baba mdogo anazungumza," shemeji akasema.

"Samahani, baba mdogo. Lakini ni limau."

Fundi ujenzi alicheka, akajifanya anakohoa. Shemeji hakucheka. "Yule mwalimu hasubiri. Ana wenye vyumba wanaomwita kila kona. Akienda ameenda, na mimi sina mwingine mfukoni. Umenielewa, shemeji? Baridi ikiisha usiniambie nitafute mpangaji."

"Nimekuelewa."

"Na huyo mwenye mti, amekulipa?"

"Hapana."

"Ni ndugu yetu?"

"Hapana."

"Sasa ni nani?"

Mama Vifungo alifikiri. "Alipewa mkono na kaka yako," akasema.

Shemeji akamwambia fundi waende.

*

Mbao za rafu zilikuwa zimetawanyika mtaa mzima. Jumamosi mama na binti walitoka kuzifuata, nyumba hadi nyumba, na kuomba kitu chako mwenyewe kuna aibu yake. Mmoja aliwapa ubao bila neno, huku akiwafungia mlango upesi. Mwingine aliapa kwamba ubao wake ni wa urithi, ilhali ulikuwa na rangi ya kijani ileile ya banda. Mama Vifungo aliitikia tu, akasonga mbele. Binti ndiye aliyekuwa akiona haya kwa niaba ya wote wawili.

Kwa jirani mfuga kuku, ubao ulikuwa ndani ya banda la kuku, umefanywa pa kutagia.

"Jirani, nimefuata ubao wangu."

"Ubao gani tena?"

"Huo walioukalia kuku."

"Huu? Huu si ule wa msibani? Mimi nilijua ndio umeshatolewa. Si ulisema chukueni chochote? Nilikuwapo, nilisikia kwa masikio yangu."

"Nilisema."

"Sasa leo unarudi nyuma."

"Leo narudi nyuma."

Jirani alimtazama, akatafuta neno la kuendeleza ugomvi, akalikosa, maana hakuna raha ya kugombana na mtu asiyejibu. Akawaondoa kuku mmoja mmoja, akiwapa pole. Kwenye ubao lilibaki yai.

"Yai ni langu," akasema.

"Lako," binti akasema. "Na mavi?"

"We mtoto una mdomo kama marehemu baba yako."

Walipofika njiani, huku wamebeba mbao kichwani, binti alianza kucheka, akacheka mpaka ikabidi aweke mbao chini. Mama Vifungo alisimama akamsubiri. Alijua kwamba jambo lile lilichekesha. Alikiona kicheko chake mwenyewe kwa mbali, kama mtu unayemjua aliye ng'ambo ya barabara, asiyekuona.

*

Kazi ya banda haikuwa ngumu, ilikuwa ndefu. Binti aliomba likizo fupi kazini, akakatwa mshahara wa siku hizo. Walikwangua puti ya zamani, ule udongo wa kugandishia vioo, iliyogeuka jiwe. Walisugua fremu kwa msasa mpaka mbao za chini ya rangi zikaonekana, nyekundu na nzima, isipokuwa kwenye nyayo za nguzo ambako unyevu ulikuwa umekula. Pale walikata kilichooza, wakaunga kipande kipya kwa misumari na gundi. Binti alishika msumeno vibaya, lakini aliushika. Waliyainua mapao yakasimama tena kwa kamba na kwa kuegemeza ngazi, na mama, ambaye jicho lake lilizoea kuona kama pindo limenyooka, alikuwa akisema kushoto, kushoto kidogo, basi.

Vioo vilivyobaki vizima, pamoja na vichache vya akiba alivyoacha marehemu, walivihesabu na nafasi za paa. Vilitosha, na hakikuzidi hata kimoja. Mama Vifungo alipanda ngazi akavipanga mwenyewe. Alianza juu kabisa, kwenye kilele, akashuka, kila kioo akikilaza juu ya ukingo wa kile kilichotangulia, akikandamiza puti kwa kidole gumba kama anayebana mshono. Alipomaliza alishuka, akasimama nyuma. Paa lilimeta. Lilikuwa zuri, na yeye alijua ni zuri.

Mvua nyepesi ilinyesha jioni ileile. Maji yote yaliingia ndani.

Shemeji alikuwa amepita kuangalia, ingawa alisema amepita kwa sababu ya foleni. Alisimama mlangoni mwa banda, maji yakimdondokea begani, akatazama juu kwa muda.

"Shemeji, ulianzia wapi?"

"Juu."

"Kwa nini juu?"

"Shati linaanzia kwenye kola."

Shemeji aliguna. Akapitisha mkono usoni, na ulipopita uso ulikuwa unacheka, hata kama hakutaka. "Hili si shati. Maji yanashuka. Kioo cha juu lazima kilale juu ya cha chini, kama magamba ya samaki. Unaanzia chini, unapanda. Wewe umelifunga paa kinyume kama mfuko wa kupokelea mvua. Ungekuwepo, kaka, ungekufa mara ya pili."

Binti aliangalia chini.

"Basi tutavitoa," Mama Vifungo akasema. "Puti bado mbichi."

*

Ijumaa mzee wa mlimau alikuja bila toroli, mikono mfukoni. Mama Vifungo alikuwa juu ya ngazi, safari hii akitokea chini kwenda juu, na binti akimpokeza vioo. Mti ulikuwa tayari ndani, kwenye rafu iliyonuka kuku kidogo.

"Loo," mzee akasema. "Mmepatengeneza. Nilipopita mara ya kwanza nilichungulia ubavuni mwa nyumba nikaona banda limelala, nikaogopa kuuliza." Akaingia, akachuma jani moja kwa uangalifu, akalitia ndani ya kitambaa. "Bwana bado hajarudi?"

Binti alimtazama mama yake. Kioo alichokuwa amekinyanyua kilibaki hewani.

Mama Vifungo alishuka ngazi. Alijifuta puti kwenye khanga aliyojifunga kiunoni, akamaliza kujifuta, akajifuta tena.

"Amekufa," akasema. "Alikuwa ameshakufa siku ile ulipokuja. Nilikudanganya, baba. Hatarudi."

Sauti yake ilikuwa ileile ya kuuliza kama mtu anataka mikono mirefu au mifupi.

Mzee alivua kofia. Kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko mtu angedhani. "Pole, mama. Poleni sana." Akautazama mti. "Basi niuchukue. Aliyeahidi hayupo. Haiwezekani niwaachie wafiwa mzigo wangu."

"Utaupeleka wapi?"

Mzee aliigeuza kofia mikononi.

"Uache," Mama Vifungo akasema. "Siku ile niliyekuambia utatunzwa ni mimi."

Mzee alirudisha kofia kichwani taratibu. Alipoaga hakusema asante. Alimpa mkono, naye akaupokea, na mikono yote miwili ilikuwa na harufu ya limau na puti.

Baada ya yeye kuondoka, kwenye kioo cha mwisho kabisa, pale kwenye kilele, binti aliteleza kidogo. Hakuanguka. Kioo ndicho kilichoanguka.

"Mama, nimekivunja. Nimekivunja, mama."

"Umeumia?"

"Hapana."

"Basi."

*

Muuza vifaa vya ujenzi alikuwa na vioo, lakini si vya kipimo kile. Mashine yake ya kukatia ilikuwa mbovu. "Mama Vifungo, hivyo vya kwenu ni vya enzi za babu," alisema mbele ya wateja wake. "Weka nailoni, au weka shati." Watu wakacheka. Yeye alinunua nailoni. Mchana uleule upepo uliichana, ikabaki inapiga makofi juu ya paa.

Redio ya jirani ilikuwa ikisema tangu asubuhi kwamba usiku huo baridi itashuka, ile ya kuunguza majani, na kwamba wakulima wafunike mazao. Jua lilipoanza kuinama, Mama Vifungo aliingia chumbani mwake na patasi. Binti alimsikia akigonga, akaenda kutazama. Mama yake alikuwa amepanda kitandani na viatu vyake, anang'oa kioo cha dirisha la chumba.

"Mama, hicho cha chumba chako."

"Kipimo ni kimoja."

"Tuuhamishie mti ndani basi, si rahisi zaidi?"

"Ndani jua litatoka wapi? Mlimau utapukutisha majani, na yule bibi anataka majani." Alivuta msumari wa mwisho. "Shika huku."

Binti alishika.

Nje walimkuta shemeji, amesimama na ufunguo wa lori kidoleni. "Nimekuja kukuambia," akasema. "Yule mwalimu amepata chumba kwingine. Leo amehamisha vitu. Mimi mwenyewe nimembebea, maana aliniomba lori." Alikitazama kioo, akaliangalia dirisha lililobaki tundu. "Ngazi hiyo haijasimama vizuri," akasema hatimaye, akaenda kuishika.

Mama Vifungo alipanda. Alikiweka kioo cha chumba chake kwenye kilele, juu ya vile vingine, kikilalia cha chini yake kama ilivyopasa. Alikandamiza puti kwa kidole gumba kuzunguka pande zote. Kilikaa.

Kwenye dirisha la chumba walipigilia boksi la mikate alilokuja nalo binti kutoka kazini. Shemeji alipigilia misumari mwenyewe, akinung'unika kwamba boksi hata panya halimzuii.

*

Asubuhi majani ya maboga ya jirani mfuga kuku yalikuwa meusi, yamelala chini kama vitambaa vilivyochomwa na pasi. Jirani alikuwa amesimama katikati yake, mikono kichwani. Nyasi za njia zilikuwa zimeganda, zikavunjika chini ya miguu.

Mama Vifungo alifungua mlango wa banda. Vioo vyote vilikuwa vimetoka jasho kwa ndani. Mlimau ulisimama pale ulipowekwa, mbichi, haukudondosha hata jani, na limau lake lilikuwa limeanza kuwa la manjano upande mmoja. Alilishika jani, akalifikicha, akalinusa. Harufu ilipanda mpaka nyuma ya macho.

Alisimama humo muda mrefu. Binti alipokuja kumtafuta alimkuta amejikumbatia mwenyewe, meno yanagongana, midomo imekuwa ya kijivu.

"Mama? Una nini?"

"Boksi lako lilidondoka usiku," Mama Vifungo akasema. Sauti ilikuwa inatetemeka, na alionekana kuishangaa. "Mwanangu, nasikia baridi."

Binti alisimama akimtazama mama yake, mkono mdomoni. Kisha akageuka akakimbilia ndani kutafuta sweta, lolote, la mtu yeyote.